Mipini Ishirini na Minne Kutoka Kibondo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye mazoezi ya kwaya ananiuliza kitu kilekile: ilikuwaje mtu akaondoka Kasulu kwenda Kibondo kumsalimia baba yake, akakosa sherehe ya kumuaga mwanakwaya mwenzetu Felista, kisha akarudi ananuka mpira uliopigwa jua? Nimeshaeleza vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana. Sasa naandika mara moja. Someni, halafu mniache nishone nguo za watu. Habari za kuhangaikia kibali nitaziruka, maana hata mimi sizielewi vizuri, na aliyezielewa tangu mwanzo hakusema. Mtaona.

Kibondo, uani kwa baba

Wengi wenu mnamjua baba kwa jina tu, Mzee Yonasi. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akakaa Kibondo, akaziba pancha karibu na stendi mpaka magoti yalipokataa kuinama. Mimi nilizaliwa hukohuko. Uraia wake aliupata ukubwani, kwa cheti, na cheti hicho kimo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni, ndani ya sanduku la bati. Sisi tuliozaliwa raia hatuna cheti cha kuficha, basi hatuna wasiwasi. Baba anacho, kwa hiyo ana wasiwasi wa kutosha ukoo mzima.

Kuna mtu aliwahi kumwambia kwamba raia wa cheti akipatikana na kosa mahakamani, cheti kinarudi serikalini na yeye anarudi alikotoka. Ni nani aliyemwambia, hakumbuki. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba hayo ni maneno ya vijiweni. Ananijibu, "Yego, mwana wanje," ndiyo mwanangu, kwa upole kabisa, kisha anaendelea kuamini.

Sasa, alipoacha kazi alibaki na matairi mabovu ya malori, ishirini na manne, yamepangwa uani nyuma ya jiko. Mvua ikanyesha, maji yakatuama ndani yake, mbu wakazaliana. Afisa afya wa kata akapita, kijana mpole, akachungulia, akaona viluwiluwi, akamwandikia baba notisi. Masharti yalikuwa haya: usichome, usizike, usitupe korongoni, usimpe mtu asiye na ruhusa. Upeleke kwa mkusanyaji anayetambulika, na wa karibu yuko Kasulu. Uwe na kibali cha kusafirisha. Gari lifunikwe turubai. Mzigo usichanganywe na chakula wala abiria. Idadi iliyopakiwa ndiyo ishushwe. Ukimaliza, ulete hati ya mapokezi. Siku kumi na nne, vinginevyo mahakamani.

Nadhani yule kijana aliandika vile kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni, na hakutegemea kutiiwa. Kibondo nzima ina matairi mabovu. Kuna la kunyweshea mbuzi, kuna la kukalia, kuna yaliyozikwa nusu na kupakwa rangi kuzunguka maua ya shule. Wachoma matofali huyatupia tanuruni, moshi ukapaa mweusi, na hakuna aliyewahi kuitwa popote. Jirani yake baba, Mama Zawadi, alimwambia mbele yangu, "Mzee, wape wachoma matofali, kesho uwanja mweupe." Baba akaingia ndani akafunga mlango.

Nilipofika zilikuwa zimebaki siku mbili. Nikamkuta tayari ana kibali mkononi, amekikunja ndani ya Biblia, na matairi ameyaandika namba kwa chokaa, moja mpaka ishirini na nne. Nilikuwa nimekuja kusalimia. Nikaambiwa kesho asubuhi tunasafiri.

Kibondo hadi Busunzu

Gari lilikuwa kenta ya kijana anayeitwa Baraka, dereva mwenye maneno mengi na matairi machache yenye meno. Hilo la pili nililiona tulipokuwa tunapakia. Nilisimama nikatazama tairi la mbele la kushoto, nikatazama tairi namba saba kwenye mzigo, nikajiuliza sheria ilitumia kipimo gani kuamua lipi ni taka na lipi ni gari.

Tulikaa watatu mbele, baba katikati, Biblia magotini. Turubai lilikuwa limefungwa kwa kamba za mpira kila upande, baba alilikagua mara tatu. Kabla hatujaiacha Kibondo vizuri, mama mmoja mwenye kuku watatu akatusimamisha, anakwenda Busunzu. Baraka akapunguza mwendo.

"Abiria hawaruhusiwi," baba akasema.

"Mshua, na wewe na dada ni nani?"

"Sisi ni wenye mzigo."

Yule mama akatutukana kwa Kiha, matusi mazuri ya kupangika, na kuku wakamsaidia. Mbele kidogo kulikuwa na mikungu ya ndizi kando ya barabara, ya jamaa yake Baraka, aliyoahidi kuifikisha Kasulu. Baraka alijua tangu jana kwamba ataichukua. Hakutuambia kwa kuwa hakuona kama kuna la kuambia, gari si lina nafasi?

"Ndizi ni chakula," baba akasema.

"Mshua, ndizi zina ganda."

Nilicheka, nikajutia, maana baba hakucheka. Alitoa notisi, akaisoma kwa sauti, sharti la chakula, taratibu, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Baraka akasikiliza mpaka mwisho, akamwacha jamaa yake amesimama na mikungu kumi na miwili, na hakutusemesha mpaka Busunzu. Kwa Baraka hiyo ni adhabu kubwa, ila aliyeumia ni yeye.

Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu

Mbele ya Busunzu, mahali ambapo sitapataja kwa sababu yule bwana alitukirimu, kuna kizuizi cha watu wa maliasili. Wanakagua mbao, mkaa, magogo, nguzo. Sisi hatukuwa na habari nao. Baraka alikuwa anapitiliza kwa salamu ya mkono, lakini baba akamwambia asimame, kwa sababu mtu mwenye kibali lazima akionyeshe. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba barabarani, mwenye karatasi ndiye anayetiliwa shaka. Asiye nayo wanamjua, wanasalimiana naye, anapita.

Bwana wa kizuizi, mtu mnene mwenye miwani, akakipokea kibali, akakisoma, akanyanyua uso.

"Mipini iko wapi?"

"Mipini gani?" nikauliza.

"Mipini ishirini na minne, mibovu." Akanigeuzia karatasi. Kweli imeandikwa, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: *mipini 24, chakavu, kutoka Kibondo kwenda Kasulu.*

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anaitazama barabara.

"Afande, ni matairi," nikasema. "Fungua turubai uone."

Akafungua, akaona, akahesabu. Kisha akaeleza hali yetu kwa utulivu, na niseme kweli, alieleza vizuri kuliko wakili. Karatasi inasema mipini ishirini na minne. Gari lina matairi ishirini na manne. Kwa hiyo matairi hayana kibali, hilo moja. Mipini yenye kibali haipo, kwa hiyo tumeishusha njiani, hilo la pili. Na mipini ni mti, mti ni zao la msitu, na zao la msitu lina kibali chake tofauti ambacho hatuna, hilo la tatu. Tulitoka Kibondo hatuna kosa hata moja, na sasa tulikuwa na matatu bila kuchukua hata ndizi.

"Mzee," akamgeukia baba, "hebu nieleze. Kibali ni chako?"

Baba akavua kofia. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Uliomba kibali cha nini?"

"Cha huo mzigo, mheshimiwa."

"Sasa mipini imetoka wapi?"

"Sijui, mheshimiwa."

Nilitaka kuzama ardhini. Mtu aliyekataa mikungu ya ndizi kwa kuogopa sharti, sasa anasema hajui. Na alisema kwa sauti ndogo, ile anayotumia ofisini, ambayo tangu utoto inanichoma kuisikia.

Bwana yule akasema atampigia mkubwa wake. Mtandao ukawa hauna nguvu, akapanda kwenye kichuguu kuutafuta. Tukakaa kwenye benchi. Saa ya kula ikafika, akarudi bila jibu, akasema haiwezekani watu wakae na njaa mahali pake. Tukala naye ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa mawese. Alikuwa mwenyeji mwema sana. Akamchagulia baba samaki mkubwa, akamuuliza hali ya mvua Kibondo, akamwambia huenda tukalala pale.

Ilipita saa moja nyingine ndipo alipopata ufumbuzi peke yake. Alisema amefikiri. Kazi yake ni miti. Mipini ni miti, lakini haionekani. Matairi yanaonekana, lakini si miti. Kwa hiyo kisheria, kwa upande wake, mbele yake hapakuwa na kitu. Akageuza kibali, akaandika nyuma: *Mipini haikuonekana.* Akatia saini, akatuombea safari njema.

Kabla ya Makere

Tairi la mbele la kushoto, lile nililolitazama asubuhi, lilipasuka tukiwa tumeshavuka Malagarasi na tumeikaribia Makere. Baraka akalisogeza gari pembeni, akashusha tairi la akiba. Nalo lilikuwa halina upepo, na nyuzi zinaonekana.

Hapo Baraka akasimama wima. Akatazama nyuma ya gari. Akamtazama baba. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua atakachojibiwa, lakini mtu huwezi kumzuia mwenzio asijaribu.

"Mshua. Tuna matairi ishirini na manne."

"Hayo si matairi. Ni taka."

"Namba saba ni zima kabisa. Linatufikisha."

"Yatabaki ishirini na matatu."

"Tunapakia hili lililopasuka. Ishirini na manne yaleyale."

"Hilo halina namba," baba akasema.

Baraka akaenda kukaa chini kando ya gari, upande wa kivuli, akaweka kichwa mikononi. Mimi nikacheka mpaka machozi. Mnisamehe, kilikuwa kicheko cha uchovu. Gari limelala barabarani kwa kukosa tairi, limebeba matairi yasiyoruhusiwa kuwa matairi, yanayosafiri kwa karatasi inayosema ni mipini.

Akatokea mtu anakokota baiskeli yenye pampu, ndoo na viraka. Ni Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, anaitwa Kasongo, anaziba pancha kando ya njia. Alituzunguka mara mbili asiamini macho yake.

"Papa," akamwambia baba, "muko na mapine yote hii, na muko ampani?"

Baba akageuka haraka, akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona safari nzima. "Umesema nini?"

"Mapine, papa. Ile mapine ya nyuma. Halafu muko mumekwama."

"Mapine," baba akasema. "Yego. Mapine."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati. Magoti yaliyokataa kuinama yakainama. Lile lililopasuka halikuwa la kuzibika tena, kwa hiyo walishughulikia lile la akiba: baba akalitoa kwenye rimu kwa vyuma vya Kasongo, akapapasa ndani kwa vidole, akapata tundu kabla Kasongo hajaleta maji. Wakatia kiraka, kisha kipande cha tairi kuukuu cha Kasongo mwenyewe ndani kuzuia zile nyuzi. Walikuwa wanaongea, huyu Kirundi na Kiswahili, yule Kiswahili cha kwao na Kifaransa, na walielewana kuliko nilivyoelewana mimi na yeyote siku hiyo. Baba aliongea kwa sauti ya kawaida. Nilisimama pembeni nikaona wivu, niseme tu.

Walipokuwa wanapokezana pampu nikamkaribia.

"Baba. Kule ofisini, ulipoomba kibali, ulisema mapine."

Akaendelea kutazama upepo unavyoingia. "Limenitoka. Nilitaka kusema matairi, likatoka lile la kwetu. Yule karani akafikiri, akaandika mapini. Halafu akacheka, akasema mzee Kiswahili kinakupiga chenga, ni mipini. Akafuta, akaandika vizuri."

"Ukaona?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

"Ningesema, angeniuliza neno lile ni la wapi."

Nilikuwa nimemkasirikia tangu kizuizini, na hasira hiyo sikujua niipeleke wapi sasa. Mtu amekaa nchi hii maisha yake yote ya utu uzima, ameziba pancha za malori ya wakubwa na wadogo, na amekubali kusafirisha mipini ya hewa kuliko kuulizwa swali moja. Niliumia sana. Nilishika pampu nikamsaidia Kasongo.

Kasulu, kwa mkusanyaji

Tulifika jua likiwa bado lipo. Uwanja wa mkusanyaji una uzio wa mabati na ofisi ya chumba kimoja, na ndani alikuwa dada anayeitwa Jesca, msafi, kucha zimepakwa rangi, daftari kubwa la mapokezi mbele yake. Akalifungua. Lilikuwa jeupe. Sisi tulikuwa wa kwanza.

"Watu huwa wanaleta bila hata karatasi," akasema, "wanamwaga pale nje wanakimbia. Nyie mmefanya kama ilivyoandikwa." Alisema kama anatupa pole.

Akahesabu matairi kwa kidole. Ishirini na manne. Kisha akasoma kibali, mbele na nyuma, akakuna kichwa.

"Hapa pana mipini. Na huku nyuma kuna mtu anasema mipini haikuonekana."

"Ni makosa ya kuandika," nikasema.

"Sawa, lakini mimi hati naitoa kufuatana na kibali." Akafikiri, akatupatia njia, na alitupatia kwa moyo mzuri. "Tufanye hivi. Naandika nimepokea mipini ishirini na minne. Nagonga muhuri. Nyie mnaondoka, mimi nafunga ofisi. Nani atasoma?"

Baraka akasema hiyo ni akili kubwa. Mimi pia, nakiri, nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kuoga. Lakini nikakumbuka notisi: kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na afisa afya wa kule alitaka hati ya matairi. Baba angempelekea hati ya mipini, matairi yake yangehesabika yametupwa, na mahakamani angekwenda. Jesca asingeweza kurekebisha isipokuwa mwenye mzigo aseme kosa limetokeaje. Mimi ningeweza kusema kwa niaba yake. Nilifungua mdomo.

"Subiri," baba akaniambia.

Kofia ilikuwa kichwani, akaiacha hapohapo. "Binti, usiandike mipini. Ni matairi."

"Mzee, kibali kinasema..."

"Kibali kimekosea kwa sababu yangu. Mimi nilisema mapine."

"Mapine ndiyo nini?"

Baraka akaacha kuchezea simu. Niliona mkono wa baba juu ya meza, bado mweusi kwa mpira wa Kasongo, umetulia.

"Ni matairi kwa Kirundi," akasema. "Mimi ni Mrundi kwa kuzaliwa. Raia wa hapa kwa cheti. Lugha yangu ni hiyo, na wakati mwingine inanitoka."

Nilingoja. Sijui nilingoja nini, labda simu ipigwe, labda mlango ufungwe. Jesca alikuwa ameshashika rula, anapiga mstari juu ya neno *mipini*, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake anaandika *matairi*.

"Si ungesema tangu mwanzo, mzee wangu," akasema bila kunyanyua uso. "Ungejipunguzia usumbufu."

Akafika kwenye sehemu ya chini ya fomu, akasoma kwa sauti. "Sababu ya marekebisho. Niandike nini? Lugha?"

Baba akafikiri muda mrefu kuliko bwana wa kizuizi alivyofikiria mipini.

"Hapana, lugha haina kosa," akasema. "Andika: mwenye mzigo alinyamaza."

Jesca akaandika hivyohivyo, akampa kalamu atie saini, akagonga muhuri.